Tumbo Baada ya Kisu, na Sala ya Mwenye Udhuru

Jambo nitakalokuandikia leo ni la chooni, nami nalitaja mapema ili asiyelitaka afunue ukurasa mwingine kwa salama. Lakini nakuomba usiufunue. Katika vitabu vya fiqhi tulivyovisoma chuoni tukiwa watoto, mlango wa kwanza ni wa maji, na istinja hutajwa kabla hujafika kwenye Sala yenyewe. Wanachuoni wetu hawakuona haya kutaja haja kubwa, na upepo, na damu, kwa kuwa walijua ibada ya mtu haiachani na mwili wake. Sisi wa leo ndio tuliojitia haya kuwashinda waalimu wetu, na haya hiyo inawatoa watu misikitini.

Mimi ni mtu wa Buhembe, hapa Bukoba. Nimeshapita miaka sitini, na kazi yangu ni kusomesha na kusalisha. Mwaka 2019 utumbo wangu mpana ulijisokota. Maradhi haya si mageni upande wetu wa Ziwa. Utumbo mpana unapokaribia mwisho wake, upande wa kushoto, una kipande kilichopinda mithili ya nyoka. Kwa baadhi ya watu kipande hicho ni kirefu mno, basi kikijaa huweza kujizungusha juu ya shina lake kama mfuko uliosokotwa shingoni. Upepo hautoki, choo hakitoki, tumbo hufura likawa ngoma, na damu isipofika, kipande hicho hufa. Madaktari waliofanya kazi Uganda katika karne iliyopita waliwaona wagonjwa wengi wa namna hii, na wako waliosema kwamba vyakula vyetu vyenye makapi mengi vina mkono wake. Ajabu ni kuwa Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa Kampala miaka ile, ndiye aliyewaambia Wazungu katika miaka ya 1970 kwamba makapi hayo hayo ndiyo yanayowakinga Waafrika na maradhi mengine ya utumbo, saratani ikiwa mojawapo. Ndizi zetu zimesifiwa na kushitakiwa kwa pamoja.

Basi walikikata kile kipande kilichokufa, wakaitoa ncha ya utumbo nje ya tumbo, nikavaa mfuko kwa miezi mitano. Kisha nikapasuliwa mara ya pili, wakaunganisha. Nilipotoka hospitali watu walinijia kunipongeza: "Shehe, alhamdulillahi, umepona." Naam, maradhi nilipona. Walakini tumbo nililorudi nalo nyumbani silo nililoondoka nalo.

Fahamu, ndugu yangu, kwamba kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Kwa siku moja hupokea kiasi cha lita 1 hadi 2 za ule uji utokao katika utumbo mwembamba, na huacha sehemu ndogo tu itoke kuwa choo. Ukikatwa, pahala pa kufyonza pamepungua na njia imekuwa fupi. Choo huwa laini, huja mara nyingi, tena huja kwa haraka. Aliyekatwa upande wa kulia huweza kuharishwa na nyongo isiyofyonzwa, na hilo lina dawa yake mbali. Aliyekatwa chini kabisa, karibu na tupu ya nyuma, hupata taabu zaidi, kwani ile ghala ya kuwekea choo imeondoka. Huyo huenda akaingia chooni mara nne kwa saa moja, kila mara kidogo kidogo. Kwa wengi hali hupungua katika mwaka wa kwanza au wa pili, na wengine hubaki na mabadiliko maisha yao yote. Ni bora mtu aambiwe hivyo mapema, kuliko kukaa akingoja tumbo la zamani lirudi.

Mimi mwaka wa kwanza nilikwenda mara nane, pengine kumi, kwa kutwa moja. Sasa ni mara tatu au nne. Kilichonifaa kwanza kilikuwa daftari la shule la mjukuu wangu. Siku arobaini niliandika nilichokula na saa yake, na nilipokwenda na saa yake. Hapo nikaona kwamba tumbo lina ratiba. Chakula kikiingia juu, utumbo wa chini huamka, na asubuhi huamka kwa nguvu kuliko wakati wowote. Kinywaji cha moto huuamsha, na kahawa huuamsha zaidi.

Kahawa! Nyinyi watu wa Pwani mna kahawa chungu ya barazani. Sisi Buhaya tuna kahawa ya kutafuna, ambayo mgeni hupewa mkononi kabla hajaulizwa habari za nyumbani, na kuikataa ni kama kumkataa mwenyeji. Sasa naipokea kwa mikono miwili, nashukuru, naitia mfukoni. Wenyeji wangu wamekwisha kunizoea.

Ndizi za kupika zilinikubali, maharage yake yakanikataa isipokuwa machache mno. Wali mweupe na ndizi mbivu hulifanya choo liwe zito. Mafuta mengi na pilipili hunipeleka mbio, na maziwa vilevile. Kwa hiyo wewe uliye Mombasa au Tanga, mbaazi zako za nazi usizihukumu kwa tumbo langu. Onja chakula kimoja kimoja, kidogo, uone. Lakini usijinyime chakula kutwa nzima ili usiende chooni, kwani tumbo tupu hujaa upepo, na mwili hudhoofika. Wala usiache maji. Anayehara sana achanganye maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yale wanayopewa watoto.

Daktari alinipa loperamaidi, kidonge cha kuupunguzia utumbo mwendo, nakimeza kiasi cha nusu saa kabla ya kula, siku zile ninapokihitaji. Usikinunue bila ya kumwuliza daktari, na usikimeze ikiwa una homa au unatoka damu. Yako pia yale maganda ya mbegu yauzwayo katika maduka ya Wahindi, isabgoli, ambayo hunywa maji na kulishikanisha choo. Nikafundishwa na zoezi: ukaze misuli ya nyuma kama mtu anayezuia upepo, uhesabu mpaka tano, ulegeze, urudie mara kumi. Mimi hulifanya nikingoja adhana, hakuna anayejua. Na ngozi ikichubuka, jisafishe kwa maji matupu bila ya sabuni, jikaushe kwa kugusagusa si kwa kusugua, kisha upake mafuta mazito. Sisi tuliozoeshwa kustanji kwa maji tuna nafuu hapa.

Ama ukiona damu, au unakonda bila ya sababu, au tumbo limefura na hupati upepo wala choo huku unatapika, hayo si mabadiliko ya kuvumilia. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa niingie katika lililonikosesha usingizi kuliko yote. Je, mtu wa namna hii ana udhu? Na kama ni imamu, asalishe?

Jambo la kwanza ni kupambanua. Mtu anayekwenda mara kwa mara, lakini baina ya mara na mara anapata nafasi ya kutawadha na kusali, huyu si mwenye udhuru wa kudumu. Sheria yake ni ya watu wote: udhu ukitenguka atatawadha tena. Wala asitoke katika Sala kwa shaka. Mtume (S.A.W.) alimfundisha aliyelalamika kwamba anahisi kitu ndani ya Sala, asiondoke mpaka awe na yakini kwa kusikia sauti au kupata harufu. Tumbo lililopasuliwa hunguruma mno, na mngurumo si hadathi.

Mtu ambaye wakati wote wa Sala hapati hata nafasi hiyo, upepo au unyevu ukamtoka bila ya hiari yake, huyo ndiye mwenye udhuru. Hukumu yake inafuata mfano wa yule mwanamke wa zama za Mtume, Fatima binti Abi Hubaysh, aliyekuwa na damu isiyokatika, akaamrishwa atawadhe kwa kila Sala wala asiache kusali. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, atangoja wakati uingie, atajisafisha, atajifunga kitambaa au pamba, atatawadha kwa nia ya kuhalalishiwa Sala, kisha atasali bila ya kuchelewa. Akichelewa kwa maslaha ya Sala, kama kujisitiri au kungoja jamaa, haidhuru. Kitakachomtoka baada ya hapo amesamehewa. Kwa udhu huo atasali faradhi moja na sunna azitakazo. Imamu Malik ni mwepesi zaidi katika mlango huu. Na kwa mgonjwa anayetaabika mno, Imamu Nawawi aliona ile kauli ya kumruhusu kujumuisha Sala mbili ina nguvu, ingawa siyo iliyo mashuhuri katika madhehebu. Mwulize mwanachuoni wa mtaa wako, umweleze hali yako bila ya kuificha.

Aliye na mfuko tumboni, kinachoingia mfukoni kinatengua udhu, maadamu njia ya kawaida imezibwa na tundu liko chini ya tumbo la chakula. Basi aumwage kabla ya kutawadha, afunge vizuri, asali. Msikitini ataingia, bora awe na amani kwamba hatauchafua.

Kuhusu uimamu, vitabu vya Kishafii husema, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kwamba mzima anaweza kumfuata mwenye udhuru. Mahanafi na Mahanbali hawakubali. Nami katika miezi ile ya mwanzo baada ya kuunganishwa nilikuwa mwenye udhuru kamili, na nyuma yangu husimama watu wa kila madhehebu. Nikaona nitoke katika hitilafu, nikampa kijana wangu mmoja mihrabu. Sikusema naumwa mgongo. Nilisimama baada ya Alasiri, nikawaambia jamaa sababu yake kwa lugha ya vitabu. Mzee mmoja akanifuata nje akanong'ona: "Shehe, hayo ya kusema mbele za watu?" Nikamjibu: "Baba, nisipoyasema mimi, mwenye nayo atajifunza kwa nani?" Hali ilipotulia nilirudi, lakini si kwa Sala zote. Adhuhuri na Alasiri nasalisha mimi. Alfajiri nimemwachia yule kijana, kwa kuwa ndiyo saa ya tumbo langu, na Mtume amekataza mtu kusali huku anazuia haja.

Wala imamu asiogope kutoka. Sayyidna Umar alipochomwa kisu katika Sala ya Alfajiri, mwaka 23 Hijria, alimshika mkono Abdurrahman bin Auf akamtanguliza, Sala ikatimia. Na kwa maamuma liko fundisho ambalo wachache wanalijua: Mtume aliagiza kwamba anayetengukwa na udhu ndani ya Sala ashike pua yake, atoke. Wanachuoni wakaeleza hekima yake, kwamba watu wadhani ametokwa na damu ya pua, asifedheheke. Tazama jinsi sheria ilivyomsitiri mtu.

Ramadhani ina shauri lake. Mchana ni raha, kwani tumbo limelala. Taabu ni futari. Ukishiba pale, utumbo utaamka katikati ya Tarawehe. Mimi hufuturu kwa tende na maji na uji kidogo, nasali, na chakula kamili nala nikitoka msikitini. Safari nayo vivyo hivyo. Nikienda Mwanza kumwona daktari, usiku wake nala kidogo, nachukua chupa ya maji, shuka ya akiba na kanzu ya rangi iliyokoza, kwani kanzu nyeupe ni shahidi mkali. Zamani foleni ya kivuko pale Busisi ilinitia hofu kuliko kisu. Tangu daraja lifunguliwe, mwaka 2025, hofu hiyo imekwisha.

Na nyinyi wa nyumbani, mke na watoto na wakwe, msimgongee mlango. Msimhesabie. Mpeni chumba kilicho karibu na choo, na ndoo isikauke maji. Mke wangu hakuniuliza hata siku moja kwa nini nimekaa sana. Alikuwa akiacha kikoi safi juu ya kamba, anakwenda zake.

Miaka miwili nyuma alinijia mtu wa upande wa Muleba, ambaye naye alikatwa utumbo. Alikuwa hajakanyaga msikiti kwa muda mrefu, hata Ijumaa. Nilipomwuliza, alitazama chini. "Shehe, mimi si mtu wa msikiti tena. Mimi nanuka." Nilimwambia kwetu husemwa mficha uchi hazai, nikamketisha, tukaanza na daftari, kisha tukafungua mlango wa udhu kama watoto wa chuo. Alikuwa na nafasi ya kutosha baina ya mara na mara. Hakuwa hata na udhuru. Siku hizi akija mjini husali kwetu, safu ya nyuma, karibu na mlango wa kutokea kwenye mabirika. Ijumaa moja hivi karibuni nilikuwa juu ya mimbari, nikamwona anainuka, mkono puani, akatoka. Nikairefusha khutba kidogo. Alirudi kabla ya ikama.