Goma: Mashini inayojizima ili isiharibu majina ya wahami

Jina la familia iliyohama halikai tena katika kitabu kimoja tu. Liko katika kompyuta, na mara nyingi kompyuta hizo ni zaidi ya moja. Mama aliyekimbia na watoto, mwenye jetoni iliyochakaa mkononi, anategemea jina hilo ili apate unga, turubai ao nafasi ya mtoto shuleni. Mashini ikizimika siku ya mgawo, mstari unasimama, jua linapanda, na watu wanaanza kuambiana: "Wamefuta majina yetu."

Fundi mmoja wa kompyuta mjini Goma amesikia neno hilo mara nyingi. Katika ofisi anamofanya kazi kuna mashini mbili kubwa na sanduku moja la diski, lililofungwa kwa nyaya zake kwenye mashini zote mbili. Zinatumia OCFS2, programu iliyotengenezwa na kampuni ya Oracle na kuingizwa ndani ya Linux mwaka 2006. Kazi yake ni kuziacha mashini nyingi zisome na kuandika kwenye diski ileile kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea na majina yaleyale.

Lakini kushiriki kuna hatari yake. Makarani wawili wanaweza kuandika katika kitabu kimoja kama wanasikilizana: "Mimi niko ukurasa wa kumi, wewe ngoja." Wakiacha kusikilizana na kila mmoja akaendelea kuandika, mmoja atapita juu ya maandishi ya mwenzake. Asubuhi kitabu kipo, lakini majina yamevurugika, na hakuna anayejua lililo la kweli.

Ndiyo maana OCFS2 ina mlinzi mkali. Kila sekunde 2, kila mashini inaandika alama yake ndogo kwenye diski, kama kusema "ningali hai." Kwa mpango wa kawaida, mashini ikishindwa kuandika alama hiyo kwa muda wa sekunde 60, inajizima na kuwaka upya. Mlinzi anasikiliza pia waya wa mtandao kati ya mashini. Kukiwa kimya sekunde 30, anaandika onyo. Kimya kikiendelea, moja lazima iondoke. Heri mashini moja ianguke kuliko majina yote yaharibike.

Katika ofisi hiyo, mashini ya pili ndiyo ilikuwa inaanguka mara kwa mara, na ya kwanza haikuguswa hata siku moja. Kila mtu aliona jibu. "Papa fundi, hii mashini imechoka," karani alimwambia. "Waambie wakubwa wanunue ingine." Ikanunuliwa. Ikawekwa mahali pa ile ya zamani, kwa namba ileile. Baada ya siku chache, nayo ikaanguka.

Hapo fundi akaacha kuitazama mashini na kuanza kuitazama kanuni. Mashini za OCFS2 zina namba, kuanzia 0. Zikiwa mbili na mawasiliano yakikatika, huku zote zinaendelea kuandika alama kwenye diski, mwenye namba ndogo anabaki na mwenye namba kubwa anajizima. Kumbe mashini ya pili haikuwa mgonjwa. Ilikuwa imechaguliwa tu kuondoka, kwa sababu namba yake ilikuwa 1.

Swali likawa lingine: nini kinakata mawasiliano? Mashini inayoanguka ghafula mara nyingi haipati hata muda wa kuandika kilichoipata. Fundi akafungua kumbukumbu za ile iliyobaki hai, na humo akakuta onyo: mwenzake yuko kimya tangu sekunde 30. Akaandika saa za maonyo yote kwenye karatasi, kisha akaomba daftari ambamo mlinzi wa lango anaandika saa za kuwasha jenereta. Saa zilifanana. Kila umeme ulipokatika, mashini zilibaki zikiwaka kwa nguvu ya betri, na sanduku la diski pia. Lakini kile kisanduku kidogo kinachounganisha nyaya za mtandao kilikuwa kimechomekwa moja kwa moja ukutani. Kilizimika chenyewe, na mashini mbili nzima zikaacha kusikiana.

Kuna waliomshauri arefushe muda wa kungoja, ao amwondoe mlinzi kabisa. Kurefusha kunafaa pale diski ni nzito kujibu na fundi anajua kwa nini. Kumwondoa mlinzi ni kuwaacha makarani wale wawili waandike wakiwa viziwi. Fundi alikataa. Alihamisha kisanduku kwenye betri, akakifunga vizuri, kisha Jumapili, wakati hakuna anayefanya kazi, akazima umeme kwa makusudi ili kupima. Mashini zote mbili zilibaki zimesimama.

Alikataa jambo lingine tena: kukagua na kutengeneza diski haraka wakati mashini nyingine ingali inaitumia. Kazi hiyo inafanywa baada ya mashini zote kuiachilia diski. Vinginevyo, dawa inakuwa sumu. Na mashini inapoanguka si lazima kukimbilia ukaguzi huo, kwa sababu iliyobaki inasoma daftari la kazi la mwenzake na kumalizia yaliyokuwa hayajakamilika.

Bado kuna jambo ambalo mashini mbili haziwezi. Diski wanayoshiriki ni moja. Ikiungua, ikiibiwa ao karani akifuta jina kwa kosa, zote mbili zinapoteza pamoja. Wakaaji wa Goma walioona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji Januari 2002 hawahitaji kufundishwa hilo. Lazima kuwe na nakala mahali pengine, na mtu wa kuifungua mara kwa mara ili aone kama inasomeka. Kwa familia, jetoni na karatasi ya kuandikishwa vitunzwe hata kama ofisi inasema kila kitu kiko ndani ya kompyuta. Na siku mashini inapojizima katikati ya mgawo, mstari una haki ya kuuliza swali moja kabla ya kukasirika: nakala ya majina yetu iko wapi?