Bomba Liliishia Njiani

Dohani ya nyumba ya mama, Lushoto, iliungua kwa sababu yangu. Watu wanaamini ni kosa la fundi, mzee anayekula kwa jina lake, na aliyewaaminisha hivyo ni mimi.

Nyumba ni ya enzi za Wajerumani, mji ulipoitwa Wilhelmstal: kuta nene za mawe, na sebuleni meko makubwa ya wazi. Meko ya namna hiyo yanapendeza, lakini joto jingi hupanda juu na moshi, na mwezi wa saba baridi ya Usambara humwingia mzee mpaka kwenye mifupa. Nikanunua jiko la kuni la chuma, lenye mlango, nilipachike humo.

Fundi alichungulia dohani, akasema: “Bomba lipande mpaka juu, litokeze nje.” Nilipopiga hesabu ya mabomba nikaona ni ghali. Nikamtaka alikate pale dohani inapoanza. Akakataa. Nikamlipa siku yake, nikamalizia mwenyewe na kijana wa kuchomelea.

Alichokiona yeye nilikuja kukielewa baadaye. Tundu la jiko lilikuwa la inchi 6, yaani eneo la sentimita za mraba kama 180. Dohani ilikuwa sentimita 30 kwa 30, yaani 900. Moshi ukitoka kwenye bomba jembamba na kuingia uwazi mara tano yake, hupungua kasi na kupoa kwenye mawe, na mvuke wake huganda ukutani kuwa kreosoti, kitu cheusi kama lami, kinachoshika moto. Kuni zisizokauka huongeza balaa, na zetu za mkaratusi hazikuwa zimekauka. Tena moto ukinyimwa hewa, moshi huwa mzito zaidi. Mama alikuwa akifunga hewa kila usiku ili makaa yafike asubuhi. Nani alimfundisha? Mimi, nikiwa nimemshika mkono.

Usiku dohani iliposhika, ukuta ulinguruma. Chokaa ya kale ilikuwa imeshatoka katikati ya mawe, cheche zikapenya hapo mpaka kwenye mbao za dari. Majirani walizima. Mama alitoka salama, namshukuru Mungu, ila sebule haikuwa na dari tena.

Asubuhi wakaniuliza nani aliyefunga jiko. Nikataja jina la fundi. Mama alikuwepo, akadhani najua ninachosema. Habari ilishuka mpaka sokoni kabla ya adhuhuri, na waliokuwa wamempa kazi wakaanza kumkwepa.

Nimekwenda kwake, nimemwomba radhi mbele ya wanawe. Bomba la sasa amelifunga yeye, mpaka juu, akaziba kwa bati nafasi iliyobaki kulizunguka pale chini. Lakini radhi ya nyumbani kwake haijafika sokoni. Mlionisikia nikisema ni yeye, nisikieni tena: alinikataza, nikamfukuza kazini, kisha nikamsingizia.