Wazee wa Kalibu

Kusini mwa St. Louis, jimboni Missouri, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, kuna vilima vya kijivu visivyoota mti. Si vilima vya asili. Ni kifusi cha mawe yaliyosagwa na kumwagwa na migodi ya risasi kwa miaka mingi, na miji imejengwa ikivizunguka: Bonne Terre, Desloge, Leadwood, Park Hills. Kampuni ya St. Joseph Lead iliingia huko miaka ya 1860, na mgodi wa mwisho wa ukanda ule wa zamani ukafungwa mwaka 1972. Mgodi wa Bonne Terre umejaa maji, na siku hizi watalii hulipa kuzamia ndani yake wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni. Nilifika pande hizo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kilichonipeleka kilikuwa kibarua cha kubadilisha matairi.

Aliyewahi kufanya kazi ya matairi anajua vile vipande vidogo vinavyobanwa ukingoni mwa rimu ili gurudumu lisitikisike. Wakati huo karibu vyote vilikuwa vya risasi. Vya zamani tuliving'oa kwa koleo na kuvitupa kwenye ndoo nyuma ya karakana, na ndoo hiyo ndiyo iliyonijulisha na watu ninaotaka kuwakumbuka hapa. Walikuja asubuhi kabla hatujafungua, wengi wao wazee, wakiwa na nyanya za bustanini, mayai, au nyama ya paa iliyokaushwa kwa moshi. Waliomba ndoo. Hawakuomba bure hata siku moja, ingawa bosi wetu angewapa bure, maana kwake ile ilikuwa takataka.

Nilipouliza wanaipeleka wapi, mmoja wao, mrefu, mwenye vidole vya mtu aliyezoea kazi ya mikono, hakunijibu. Aliniandikia njia ya kufika kwake kwenye karatasi na kusema, "Njoo Jumamosi. Vaa viatu vya ngozi."

Walikuwa wakisubu vichwa vya risasi kwa mikono yao. Marekani ni nchi ambayo mtu huingia dukani akanunua risasi zilizokamilika kwa boksi, lakini wako watu wanaopendelea kuyeyusha madini wenyewe, kuyamimina kwenye kalibu ndogo ya chuma, kuvipima na kuvipaka nta vichwa vinavyotoka, kisha kuvipachika kwenye maganda yaliyokwisha kutumika. Wana chama chao cha nchi nzima, Cast Bullet Association, kilichoanzishwa mwaka 1976, chenye jarida liitwalo The Fouling Shot, na wale wazee walikuwa na nakala zake zilizojaa mafuta ya vidole. Sehemu kubwa ya risasi zao iliishia kutoboa karatasi kwenye uwanja wa shabaha. Wachache waliwinda paa msimu wa Novemba. Sikuwahi kumiliki bunduki, sina hata leo, na maoni yangu juu ya wingi wa silaha katika nchi ile si maoni waliyoyapenda. Tulibishana mara nyingi. Lakini habari ya chungu cha kuyeyushia ni habari nyingine, na mimi chungu ndicho kilichonikamata.

Yule mrefu alikuwa mpiga chapa mstaafu. Alikuwa ameendesha mashine za Linotype katika gazeti la mji mdogo, zile mashine zilizosubu mstari mzima wa maandishi kwa metali ya moto. Magazeti yalipohamia kwenye picha na kompyuta, mitambo ile ikauzwa kama chuma chakavu. New York Times lilitengenezwa kwa metali ya moto kwa mara ya mwisho Julai 1978. Yeye siku gazeti lake lilipozima mashine alirudi nyumbani na gari limeinama nyuma kwa uzito: amebeba vipande vya metali ya chapa, asilimia 84 risasi, 12 antimoni, 4 stani. Miaka ishirini na kitu baadaye alikuwa bado anavigawa. Risasi tupu ni laini mno, ukiisukuma kwa kasi inaachwa imeganda kwenye kuta za mtutu. Ukichanganya kidogo na metali ya chapa inakaza. Angeweza kuviuza, maana bei ilikuwa nzuri. Alikata vipande, akavitia kwenye maboksi madogo ya posta ya Marekani yenye bei moja bila kujali uzito, mradi usizidi paundi 70, na kuwatumia watu ambao hakuwahi kuwaona, huko Montana na Maine, kwa sababu tu walikuwa wamemwandikia kuuliza. Karani wa posta ya mtaa wake alikuwa akilishika boksi la ukubwa wa kitabu kwa mikono miwili na kumtazama.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kitu. Nilikaa kwenye kiti cha mbao kando ya mlango ulioachwa wazi, feni ikivuta hewa kwenda nje. Alitia vipande vya magurudumu kwenye chungu, akawasha moto, akasubiri. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwa nyuzi 419, na viwanda vilikuwa vimeanza kutengeneza baadhi ya vile vipande kwa zinki. Moto ukiwa wa wastani, zinki huelea bila kuyeyuka pamoja na vibanio vya chuma, nawe unaiopoa kwa upawa. Ukizidisha moto kwa haraka zako, zinki inaingia, na chungu kizima kinakuwa uji usiojaza kalibu. Kisha akadondosha kipande cha nta na konzi ya vumbi la mbao, akakoroga hadi chini huku akikwangua kuta. Moshi ukapanda, ukashika moto. Juu kikabaki kitu kama majivu meusi, akakiengua, na chini yake risasi ikang'aa kama kioo.

Halafu kalibu. Ilikuwa ya Lyman, kampuni ya Connecticut iliyoko tangu 1878, ya umbo lililobuniwa na Elmer Keith, mtu aliyezaliwa Hardin, hapo hapo Missouri, mwaka 1899, akahamia magharibi akawa bingwa na mwandishi wa bastola. Mpiga chapa alimtaja Keith kama wenzetu wanavyomtaja Shaaban Robert. Alimimina. Alihesabu kimyakimya, akagonga bamba la juu kwa kijiti cha mti mgumu, kisigino cha risasi kikakatika, akafungua vishikio, na kichwa kikadondoka kwenye taulo iliyokunjwa. Kilikuwa na mikunjo mwilini. Cha pili nacho, cha tatu nacho. Vyote vikarudi chunguni. Kalibu ilikuwa bado baridi. Baada ya kumimina mara kadhaa vikaanza kutoka safi, kingo kali. Alininyooshea kimoja kwa kibano nikiangalie makalioni. Chini kukiwa na upungufu hata wa ukubwa wa kichwa cha pini, alisema, gesi hupenya upande mmoja na risasi hupinda njia. Pua ikiwa na dosari ndogo, mara nyingi hakuna ubaya. Makalio ndiyo yanayoshika usukani.

Nilielewa polepole kwamba ukarimu wa watu wale ulikuja umevaa ukali. Hakuna aliyekubali kujibu swali la jumla. Ukimwambia mpiga chapa kwamba fulani analalamika risasi zake haziendi sawa, jibu lilikuwa lile lile: alete kichwa chenyewe, na alete kipimo cha mtutu wake. Kipimo hicho hupatikana kwa kusukuma kipande cha risasi laini ndani ya mtutu mtupu na kukipima kwa maikromita kinapotoka. Kichwa kinatakiwa kizidi hapo kwa kiasi cha sehemu moja ya elfu ya inchi. Kijana aliyekuja na matumaini ya kupewa siri aliondoka na kazi ya nyumbani. Wengine walikasirika wasirudi. Waliorudi na vipimo walipewa saa nzima, chai, na mara nyingi kalibu ya kuazima.

Kwenye baruti walikuwa wakali kuliko hapo. Hakuna mzee hata mmoja aliyekubali kukutajia kwa mdomo kiasi cha baruti cha kutia. Walikufungulia kitabu kilichochapwa, wakakuwekea kidole kwenye mstari, wakakwambia uanze na kiwango cha chini kabisa na uandike mwenyewe. Tarakimu moja ikisikika vibaya, bunduki inapasuka usoni mwa mtu. Na walijua kusema "sijui." Nimekaa na maprofesa ambao neno hilo linawakwama kooni. Wazee wale walilitamka bila haya, kisha wakataja jina la anayejua, na kama anayejua alikuwa Oregon walimwandikia barua usiku huo huo.

Alikuwepo bibi mmoja mfuga nyuki. Mumewe ndiye alikuwa msubaji, naye alikuwa ameshafariki nilipomjua. Bibi aliendelea kuja. Alileta nta iliyogandishwa kwenye vyombo vya keki, rangi ya manjano iliyokoza, ikinukia asali, maana kilainishi walichokiamini ni nusu nta ya nyuki na nusu grisi fulani ya viwandani iitwayo Alox. Kalibu za marehemu zilikuwa kwenye droo jikoni kwake, nyingi, kila moja kwenye karatasi ya mafuta. Alikuwa akizigawa moja moja, na aliyepewa alikuwa ni mtu ambaye bibi alikwisha kumtazama akifanya kazi. Sharti lilikuwa moja: usiiuze. Ukichoka nayo mpe mwingine. Nilimwona akimnyima daktari mmoja mwenye pesa aliyetaka kununua droo nzima, na juma lililofuata akampa fundi bomba kijana kalibu nzuri kuliko zote, pamoja na vishikio vyake.

Wa tatu ninayemkumbuka alifanya kazi Herculaneum, kando ya mto Mississippi, kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kilichofungwa mwishoni mwa 2013, kikiwa cha mwisho cha aina yake Marekani. Huyo alijua risasi inamfanya mtu nini. Mtaa uliozunguka kile kiwanda ulikuwa umepimwa, na watoto walikutwa na madini hayo damuni. Katika karakana ya mpiga chapa yeye ndiye aliyekuwa askari. Hakuna kula wala kuvuta sigara. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kushika kitasa cha mlango wa nyumba, nguo za kazi hazichanganywi na za watoto. Mjamzito hakaribishwi hata kwa salamu. Kila mwaka alikwenda kupima damu, na aliwadai wenzake majibu yao kama mkuu wa darasa anayekusanya madaftari.

Kwa betri za magari alikuwa na katazo lisilo na mjadala. Ndani mna asidi, na sahani zake zina vitu ambavyo vikikutana na unyevu katika zile takataka za juu ya chungu vinaweza kutoa gesi ya sumu. Nilimweleza kwamba kwetu Pangani, Tanzania, baba yangu mdogo alikuwa akiyeyusha sahani za betri kwenye kopo juu ya mafiga matatu, akimimina kwenye vishimo vya mchanga kupata chubwi za nyavu, sisi watoto tumechuchumaa kuzunguka moto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba anwani, na baada ya siku chache nikakuta mlangoni boksi lenye miwani ya kukinga macho, glavu za ngozi ndefu, na karatasi mbili za maelezo alizoziandika kwa herufi kubwa ili nizitafsiri na kuzituma nyumbani. Nilizituma. Miaka ya baadaye niliposoma habari za Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia sumu mtaa mzima na mahakama ikaamuru mwaka 2020 wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, nilizikumbuka karatasi zile mbili.

Wazee wenyewe hawakuwa malaika. Walinung'unika juu ya bei, walikuwa na chuki zao za kisiasa, na wawili kati yao hawakusemeana msimu mzima kwa sababu ya ubishi kama kichwa cha moto kitumbukizwe majini au kiachwe kipoe chenyewe. (Majini hukaza zaidi, iwapo mchanganyiko una antimoni na chembe za aseniki. Aliyebisha kinyume hakukubali hata alipoonyeshwa.) California ilipokataza risasi za bunduki zenye madini ya risasi katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019, kwa ajili ya tai wanaokufa kwa kula mizoga yenye vipande vyake, nilikwisha kuhama, lakini nilipiga simu kusikia. Nilitarajia matusi. Yule wa Herculaneum alisema tai wana damu kama sisi.

Mpiga chapa amefariki, na bibi pia. Vipande vya magurudumu siku hizi vingi ni vya chuma na zinki, hivyo ndoo za karakana hazina tena thamani ile, na anayetaka kuanza inambidi anunue madini kwa kilo. Lakini kalibu za droo bado zinazunguka. Yule fundi bomba, mwenye watoto wakubwa sasa, hufungua karakana yake Jumamosi asubuhi, na madaftari ya mpiga chapa yako kwenye rafu yake kwa yeyote anayetaka kunakili. Ukijaliwa kupita pande zile utapokewa. Vaa viatu vya ngozi vilivyofunika vidole, shati la pamba la mikono mirefu, na chupa yako ya maji iache garini. Tone moja likizama ndani ya chungu hugeuka mvuke kwa mshindo na kurusha risasi ya moto mpaka darini. Wao tukio hilo huliita ujio wa jini wa mapambo ya Krismasi yanayometameta, na dari la mpiga chapa lilikuwa na alama zake.

Na usiulize kiasi cha baruti. Utafunguliwa kitabu.