Likizo ya Mama wa Njiti

Huenda neno njiti ulilikuta kwenye kiberiti kabla ya kulikuta wodini. Ni kile kijiti chembamba. Waswahili wamempa jina hilo mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia, nami nililielewa barabara nilipouona mkono wa mpwa wangu, aliyezaliwa hapa Uganda katika wiki ya 30.

Mtoto wa umri huo hawezi kunyonya. Kufyonza, kumeza na kupumua kwa mpangilio ni uwezo unaokomaa karibu na wiki ya 34. Kabla ya hapo maziwa hupitishwa kwenye mpira mwembamba hadi tumboni. Dada yangu alikamua kila baada ya saa 3, usiku na mchana. Mara ya kwanza alipata matone ya dang'a yasiyojaza kijiko, na muuguzi akayapokea kwa mikono miwili. Hakuwa akimfariji tu. Maziwa ya mama humpunguzia njiti hatari ya ugonjwa wa kuvimba na kuoza kwa utumbo, ambao huweza kumuua kwa muda mfupi. Zaidi ya hayo, miezi 3 ya mwisho ya mimba ndiyo ambayo ubongo hukua kwa kasi na mwili hujiwekea akiba ya madini ya chuma. Njiti huikosa sehemu kubwa ya akiba hiyo, kwa hiyo baadaye huongezewa matone ya madini hayo, na lishe ya wiki zile za wodini huchangia namna atakavyokuja kutembea, kusema na kusoma.

Sasa hesabu nami. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi. Dada yangu alizimaliza nyingi kwenye benchi la wodi. Mtoto alipoanza tu kunyonya vizuri, mwajiri akamtaka arudi kazini, mahali pasipo hata chumba cha kukamulia. Majirani zetu Tanzania walirekebisha sheria za kazi mwaka 2025 ili mama wa njiti aongezewe likizo. Sioni kwa nini sisi tusubiri.

Kwa hiyo wiki hii hakuna insha. Mwandikie barua mbunge wako, ukitumia maneno njiti, dang'a na likizo. Nitasahihisha lugha; hoja ni zako.