Nyumba ya Kambo na Mwembe Wake

Mgeni atakaye kuijua Lubumbashi asitosheke kutazama bomba refu la kiwanda cha shaba, wala ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru. Na aingie pia katika nyua za watu. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na hata leo zimo nyumba nyingi za zamani za matofali mekundu, ambazo wajukuu huzirithi pamoja na miti ya babu zao.

Katika nyumba mojawapo tulikaribishwa na mwalimu mwenzetu, mwishoni mwa kiangazi. Vyumba vya zamani ni 2 na sebule. Nyuma yake kuna bustani ya lengalenga na matembele, na katikati ya bustani umesimama mwembe mkubwa. Aliyeupanda ni marehemu baba yake. Mama yake angali hai; wajukuu humwita Kambo, yaani bibi kwa Kiswahili cha mji huu.

Watoto walipoongezeka, nyumba ilikuwa ndogo. Akaitwa fundi. Huyu alishauri mwembe ukatwe, vijengwe vyumba 3 mpaka ukutani, kisha ua wote umwagiwe simenti. Kambo hakugomba. Aliuliza tu: «Mwanangu, maji ya mvua yatakwenda wapi? Nami nitaketi wapi?»

Swali hilo lilimnyima mwalimu usingizi. Ni kweli, ua uliofunikwa na simenti haunywi maji: wakati wa masika huyasukuma kwa jirani, na jua likiwaka hutunza joto kama sufuria. Basi wakakaa wote, wakapanga upya.

Kwanza walilitazama jua. Huko Lubumbashi, mwezi wa 6 na wa 7, asubuhi ni baridi, na jua hupita upande wa kaskazini. Kwa hiyo vyumba vipya vimeelekea kaskazini, penye bustani, na mbele yake kuna baraza ndefu. Jua la kiangazi huingia chini ya paa na kupasha watu moto. Lile la mwezi wa 12, linalopita karibu na utosi, huzuiwa na paa lile lile.

Pili, matofali. Kuchoma matofali kunataka kuni nyingi, na misitu ya miombo inayozunguka mji imekwisha kukatwa sana kwa ajili ya makaa. Wao walichukua udongo wa kichuguu, wakauchanganya na mchanga na simenti kidogo, wakaushindilia katika mashine ya mkono. Matofali yakafunikwa na kunyunyiziwa maji majuma kadhaa, yasikauke upesi na kupasuka. Lakini adui wa tofali lisilochomwa ni maji. Ndiyo sababu msingi ni wa mawe, na paa limetokeza mbele ya kuta.

Tatu, mvua. Paa jipya lina meta za mraba 40. Mvua ya milimeta 10 tu ikinyesha juu yake, huleta karibu lita 400. Maji hayo hupita katika mfereji wa bati mpaka tangini, na bustani huyanywa siku za ukame.

Na mwembe? Walipochimba msingi wakakuta mzizi mnene. Hawakuukata, bali walisogeza ukuta. Hapo ndipo chumba cha tatu kilipopotea. Wavulana 2 wakubwa wangali wanalala sebuleni, nao walinung'unika. Tusifiche neno hilo. Kuheshimu mti na mzee kuna gharama yake, na mara nyingi walipao ni vijana.

Mwaka 2015 marehemu Papa Fransisko aliandika waraka wake Laudato Si', unaotuhimiza kuitunza dunia kama nyumba yetu sote. Wasomaji wapenzi, pengine tunadhani maneno hayo ni ya wakubwa tu. Kumbe huanzia uani kwetu. Kabla ya kuinua shoka, tuwaulize wazee wetu; kabla ya kumwaga simenti, tuulize maji yatakwenda wapi.

Jioni tulipoaga, tulimkuta Kambo chini ya mwembe, rozari mkononi. Wale wavulana 2 walikuwa wameketi miguuni pake, wakiitikia Salamu Maria.