Nimehama Mkoa Bila Kuondoka Nyumbani

Mimi nilizaliwa mwaka 2008 katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Nyumba yetu haijasogea hata hatua moja, lakini leo imo Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Mwaka 2012 Serikali iliumega Mkoa wa Shinyanga, ikatwaa Bariadi, Maswa na Meatu. Itilima ikakatwa kutoka Bariadi, na Busega ikatolewa Magu, Mkoa wa Mwanza. Mjomba wangu wa Nyashimo bado hujiita mtu wa Mwanza, nasi twamtania sana.

Muhula uliopita karani mmoja alinirudishia fomu yangu. Cheti chasema Shinyanga, nawe waandika Simiyu! Nikaona haya mbele ya wenzangu.

Likizoni nilimweleza babu. Akacheka. Zamani, akiwa na shauri la mkoa, alikwenda hadi Shinyanga mjini akalala huko. Siku hizi huenda Bariadi, na jioni yuko nyumbani na ng'ombe wake.

"Fuata cheti, mjukuu wangu," akasema. "Wakikuuliza kwa mdomo, sema Simiyu."

Niliporudi shuleni niliandika Shinyanga. Kalamu ilisita kidogo.