Noti Fupi, Noti Ndefu

Gitaa letu la kwanza kule Makongeni, Thika, lilikuwa debe la mafuta ya kupikia, ubao wa kasha na waya za breki ya baiskeli tulizozifumua wenyewe. Lilikuwa na kelele ajabu. Ukidonoa uzi, ploti nzima inasikia, lakini kabla kidole hakijafika kwenye noti ya pili, ya kwanza imekwisha kufa. Hatukuona kasoro. Benga tuliyoiiga, ya akina Daniel Kamau wa Gatanga hapo jirani, haikuhitaji noti ndefu. Ilitoka kwa Waluo na nyatiti yao: noti inadonolewa, inapisha nyingine. Aliyeiacha ining'inie aliambiwa anachafua wimbo.

Gitaa la umeme nililishika Ruiru, kwenye bendi ya klabu. Bila ampu halikusikika hata mezani. Lakini weka sikio kwenye mbao: uzi bado unatetemeka, sekunde baada ya sekunde. Fundi wa redio aliyekuwa akitutengenezea spika alinipa sababu. Uzi hupewa nguvu mara moja tu, unapodonolewa. Debe jepesi huimwaga nguvu hiyo hewani upesi, ndiyo maana linasikika mbali na kunyamaza mapema. Mbao nzito isiyo na uwazi huiacha kwenye uzi, na kazi ya kusikika huachiwa pikapu, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, na ampu.

Wenzangu walikariri neno moja tu hapo: uzito. Wakaanza kutafuta magitaa ya kuvunja bega. Fundi akachukua bisibisi, akashusha pikapu kidogo upande wa nyuzi nene, na noti iliyokuwa ikiyumba na kukatika ikanyooka. Sumaku ikisogea mno huuvuta uzi na kuubana usicheze. Akanionyesha pia nyuzi zilizoshika kutu ya jasho, na freti, kile chuma cha shingoni, iliyolika hadi uzi ukawa unakwaruza freti ya mbele yake. Zipo hata sehemu za shingo ambapo noti hufa haraka kwenye gitaa zuri kabisa, kwa kuwa shingo yenyewe hutetemeka kwa mwendo ule ule na kuinyonya.

Kisha ikaja mugithi, muziki wa Wakikuyu wa kwenye baa, ya mtu mmoja. Besi hakuna, gitaa la pili hakuna. Ni mwimbaji, gitaa lake na midundo ya kinanda. Sasa noti fupi inaacha pengo, na wapigaji wakaanza kuomba eko (mwangwi) na ampu ya kukoroma, ambayo huinua mkia wa noti ule uliokuwa ukififia. Mimi bado napenda benga kavu, lakini siwalaumu.

Wewe unayetaka kukopa ili ununue gitaa zito, anza na seti mpya ya nyuzi, umpe fundi akague freti, kisha ushushe pikapu. Hayo yasiposaidia, ndipo ukakope.